Kitufe cha Kubadili Gari

Tunduma, Jumamosi alasiri

Mwanangu Tabitha,

Umekwenda Vwawa na baba yako kumuaga shangazi yako, nami nimebaki peke yangu na nyumba. Sanduku lako liko sebuleni, limeshafungwa. Nimelipita mara tatu nikiwaza cha kuongeza ndani yake, sikukipata, ndipo nikaona nikae chini niandike. Kesho alfajiri hatutakuwa na muda, na lipo jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitalipunguza.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kusali na kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia tangu ile barua ya chuo ilipofika, na juzi nilikuona unaitikia kabla sijamaliza kusema. Nataka kukueleza kosa langu. Unakwenda kusomea kazi ninayoifanya mimi, na mtaani kote wanakuambia mama yako ni fundi. Ni vizuri uende ukijua fundi huyo alijifunza vipi.

Ulipokuwa darasa la sita niliondoka nyumbani siku mbili, nikakuambia nimekwenda Kamsamba kufunga kompyuta shuleni. Niliporudi uliniuliza mbona sikuleta hata kilo moja ya mchele, na watu wote wakitoka Kamsamba huja na mchele. Nikakukaripia mpaka ukaenda kulala bila kula. Hakukuwa na shule yoyote, Tabitha. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha kwa watu waliolia msiba wa mtu aliye hai, na msiba huo niliusababisha mimi.

Wakati ule nilikuwa na stesheneri yangu ndogo karibu na stendi. Nilichapa barua, nikatoa nakala, na wateja wakipungua nilijifunza kutengeneza programu za kwenye mtandao, peke yangu, kwa vitabu na kwa kukosea. Mzee Salehe, yule mwenye yadi ya malori, alikuwa akija kutoa nakala za hati zake za mpakani. Siku moja aliniona nikiandika programu akaniuliza ni kitu gani. Nikamweleza. Akasema anataka mfumo utakaomwezesha yeye hapa, na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, kuona kwa wakati mmoja kila lori lilipo, nani analiendesha, na kama limevuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, au bado linasubiri hati. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa.

Chuoni utafundishwa kwa maneno mazuri kuliko yangu, lakini nikueleze ili unifuate. Katika programu ya mtandaoni ipo sehemu inayoitwa kontrola. Mtu akibonyeza kitufe kwenye skrini, kontrola ndiyo inayopokea ombi lake, inaamua lifanyiwe nini, kisha inamrudishia jibu. Unaweza kuwa na kontrola nyingi, kila moja na shughuli yake. Mimi nilikuwa na moja. Niliiita Safari, na humo niliweka kila kitu: kuandikisha lori, kupanga foleni, kufungua safari, kufunga safari, kutuma ujumbe wa simu. Faili ile ilikuwa ndefu hata nikitafuta kitu ndani yake nilichoka kidole. Na nilijivunia. Nilijiona kama mwanamke anayejua kila chombo cha jikoni kwake kilipo.

Kabla ya hayo nitakayokueleza, lori moja la Mzee Salehe lilikuwa limeanguka, na familia ya dereva ikapata habari sokoni, kwa watu waliokuwa wakipita. Jambo hilo lilimuuma sana yule mzee. Akaniomba mfumo uwe unatuma ujumbe kwa familia papo hapo safari inapofungwa kabla lori halijafika. Nikaiweka mistari hiyo katikati ya sehemu ya kufunga safari. Siku hiyo ilikuwa sawa, kwa sababu pale yadini safari haikufungwa njiani isipokuwa kwa ajali.

Miezi ikapita. Mzee Salehe akaja tena. Malori yalikuwa yanaharibikia Zambia, na ofisi inapeleka lori jingine kuchukua mzigo na dereva, lakini kwenye mfumo hakuna njia ya kuandika hivyo. Akataka kitufe cha kubadili gari. Nilimwahidi Ijumaa. Ningeweza kuandika kontrola nyingine, ya kubadili gari tu, na ingenichukua siku mbili zaidi. Nikaona mbona kufunga safari tayari ninako, na kufungua safari ninako. Kubadili gari ni kufunga ile ya zamani na kufungua mpya. Nikaviunganisha. Nikajaribu kwa malori mawili ya kubuni, yenye madereva wa kubuni ambao sikuwajazia namba za familia. Kila kitu kikaenda vizuri. Nikarudi nyumbani nikapika, na nakumbuka nilikuwa naimba.

Pale yadini karani wa kompyuta alikuwa Hawa. Alikuwa binti wa Kondoa aliyekuja kuishi kwa mjomba wake hapa Tunduma, na umri wake ulikuwa kama wako sasa. Mimi ndiye niliyemfundisha mfumo. Alikuwa makini mpaka ananikera: kila kitu aliuliza mara mbili na kuandika kwenye daftari lake. Nilipomwonyesha kitufe kipya aliniuliza, "Mama Tabitha, nikikibonyeza hiki, kitafanya nini na nini?" Nikamwambia kinabadili gari, basi.

Haikupita wiki, lori la dereva mmoja aitwaye Simbeye liliharibika gia mbele ya Isoka, huko Zambia. Ofisi ikapeleka jingine. Hawa akafungua mfumo, akatafuta jina la Simbeye, akabonyeza kama nilivyomfundisha. Kwenye skrini gari likabadilika. Huko Kamsamba simu ya mke wa Simbeye, Mama Joseph, ikapokea maneno niliyoyaandika mimi kwa mkono wangu: safari ya ndugu yenu imekatika kwa ajali, fikeni ofisini Tunduma.

Walimpigia Simbeye. Laini yake ya Tanzania haikushika mtandao kule. Wakapiga ile namba iliyotuma ujumbe, nayo ilikuwa ya modemu ya kompyuta, haina wa kuipokea. Mama mzazi wa Simbeye alianguka akapelekwa zahanati. Majirani wakaanza kuja. Mama Joseph na shemeji yake wakapanda gari la kwanza walilopata, na asubuhi ya pili wakaingia pale yadini na kitenge kipya kilichokunjwa, cha kufunikia mwili.

Hawa alinipigia simu, nikakimbia kutoka stesheneri. Nilipofika, Mzee Salehe alikuwa amempata Simbeye kwa simu ya dereva mwingine mwenye laini ya Zambia. Alikuwa amekaa kivulini kando ya barabara anakula ubwali, ugali wa kule, hana hata mchubuko. Mama Joseph alipewa simu. Aliisikiliza ile sauti, kisha akaketi chini kwenye vumbi, kitenge mapajani, na sikumwona akilia. Alikuwa anakikunja tu kile kitenge, anakikunjua, anakikunja.

Mzee Salehe akaniambia niangalie mfumo, ujumbe ule umetoka wapi. Nilifungua kompyuta. Nataka ujue, mwanangu, kwamba haikunichukua hata dakika moja. Niliuona ule mstari. Niliona jinsi kubadili gari kulivyopitia kwenye kufunga safari, na kufunga safari kulivyobeba ujumbe wa ajali. Niliona yote. Mzee akauliza tena. Hawa alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake, ananitazama mimi, anangoja niseme.

Nikasema, "Inaonekana kimebonyezwa kitufe kisichohusika."

Hayo tu. Sikutaja jina. Nilijiambia sijamsema mtu. Lakini pale ofisini aliyekuwa anabonyeza vitufe alikuwa mmoja. Hawa alilifunga daftari lake. Mzee Salehe, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alimwambia achukue vitu vyake aende nyumbani. Akaenda. Mimi nikabaki najifanya nasoma skrini.

Siku mbili nilikaa na hilo. Ulikuwa unanisomea mashairi uliyofundishwa shuleni na mimi sisikii. Nilijitafutia sababu: nikisema kweli nitapoteza kazi, stesheneri peke yake haitoshi, wewe unaingia darasa la saba. Zote zilikuwa kweli, na hakuna hata moja iliyomhusu Hawa. Kilichonivunja kilikuwa kidogo. Simbeye alikuwa amerejea, akapita stesheneri kutoa nakala ya leseni yake. Hakujua kwamba mfumo ni wangu. Akanieleza, kama mtu anavyoeleza habari za safari, kwamba mama yake amekataa kutoka zahanati. Wamemwambia mwanawe ni mzima, hasadiki. Anasema wanamdanganya ili ale. Kwa hiyo anakwenda mwenyewe ili amshike. Nilimpa nakala yake nikakataa pesa. Alipotoka nikafunga mlango, nikaenda yadini.

Nilimkuta Mzee Salehe amemaliza swala ya adhuhuri. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia yote, tangu ile Ijumaa mpaka maneno niliyosema mbele ya Hawa. Nilingoja anifukuze. Alivua kofia yake akaiweka magotini.

"Mashine kukosea naelewa," akasema. "Mimi nimemwambia nini yule mtoto wa watu?"

Tulikwenda pamoja kwa mjomba wake. Hawa alikuwa ameondoka jana yake kwa basi, amerudi Kondoa. Mjomba wake alitupa namba, akatuacha uani. Mzee Salehe alizungumza na Hawa kwanza, akamwomba radhi, akamwambia nafasi yake ipo. Kisha nikapewa simu mimi. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, mstari gani ulikuwa wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, Mama Tabitha," akasema. "Kosa la kompyuta sina neno nalo. Lakini pale ulijua, ukanitazama, ukanyamaza."

Hakurudi. Nimempigia mara kadhaa kwa miaka hii yote. Hupokea, husalimia kwa adabu, huuliza kama wewe hujambo, na hapo maneno yanakwisha. Ana watoto wawili sasa. Siwezi kukuambia kwamba mambo yaliisha vizuri kati yetu, kwa sababu hayakuisha.

Kesho yake nilimtafuta Simbeye nikamweleza yote, tukaondoka pamoja kwenda Kamsamba. Baba yako alijua. Wewe ndiye niliyekudanganya. Tulipita Mlowo, tukateremka bondeni mpaka joto likatufanya tuvue masweta, na njiani Simbeye hakunilaumu hata mara moja, jambo lililonipa tabu kuliko kulaumiwa. Tulipofika, kuni walizoleta majirani kwa ajili ya msiba zilikuwa bado zimepangwa uani. Hakuna aliyejua zirudishwe vipi.

Bibi, mama yake Simbeye, alikuwa ameletwa nyumbani asubuhi ile, baada ya kuambiwa kwamba mwanawe yuko njiani, ili amwone kwa macho yake. Alimshika Simbeye mkono wa shati na hakuuachia muda wote tuliokuwa pale. Nikapiga magoti, nikasema mimi ndiye niliyeandika yale maneno, na yule karani hakuwa na kosa. Simbeye akamtafsiria kwa Kinamwanga. Bibi akanitazama sana. Akasema kitu kifupi.

"Anasema amekusamehe," Simbeye akaniambia, "lakini usimtumie ujumbe tena."

Mama Joseph alikuwa anapepeta mchele pembeni. Yeye hakutaja msamaha. Aliuliza swali, na swali lile ndilo lililonifundisha kazi hii kuliko vitabu vyote.

"Hicho kitu ulichokiandika, kazi yake ni nini hasa?"

Nikaanza kumweleza. Kinaandikisha malori, na kupanga foleni, na kufungua safari, na kufunga, na dereva akipata ajali kinatuma ujumbe, na kubadili gari pia.

"Nimekuuliza kazi yake," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilikuwa nimekiandika mimi, na sikuweza kusema kazi yake bila kuunga mambo sita. Ndiyo maana Hawa alipouliza kitufe kinafanya nini na nini, nilimjibu uongo bila kujua kwamba ni uongo. Hata mimi sikuwa najua tena.

Nilirudi Tunduma nikaibomoa ile kontrola. Mzee Salehe alinipa mwezi mzima, na mwezi huo wote ofisi iliandika kwa mkono. Nilitengeneza kontrola ya malori, isiyojua lolote zaidi ya malori. Nikatengeneza ya foleni. Ya safari ikabaki na safari tu: kufungua, kuonyesha, kufunga. Kubadili gari kukawa na kontrola yake, ndogo, unaisoma yote kwenye skrini moja bila kushuka chini. Habari za familia nikazitoa kabisa kwenye njia ya mambo mengine. Zikawa na kontrola yao, na haifunguki yenyewe: lazima mtu aingie kwa makusudi, alione jina la dereva, ayasome maneno yatakayokwenda, ndipo abonyeze. Mzee Salehe akaongeza sharti lake mwenyewe, kwamba hata hapo mtu apige simu kwanza kwa mdomo wake.

Usidhani baada ya hapo nikawa na akili. Kwa hofu, nilianza kukatakata kila kitu. Mfumo uliofuata, wa shule moja ya Mkwajuni, niliugawa vipande vidogo mno mpaka kubadili jina la mwanafunzi kulinipitisha kwenye faili tisa, na nikapotea humo mwenyewe. Ilinichukua muda kuelewa kwamba udogo wenyewe si hoja. Siku hizi najiuliza maswali mawili. Nikiulizwa kazi ya kontrola hii, naweza kuitaja bila kuunganisha kwa "na"? Na siku nikiigusa, je, kuna mtu asiyehusika atakayeumia? Mengine walimu wako watakufundisha, na nina hakika watajua njia nzuri kuliko zangu. Utakaporudi likizo utanicheka kwa jinsi ninavyoandika. Nangoja kwa hamu.

Kuna lingine, na hili halihusu kompyuta. Tangu mwaka ule nilikuwa mtu wa kuogopa, na hofu yangu niliimwagia kwako. Ulipokuwa kidato cha pili nilikwenda kwa matroni wako kwa siri, nikaomba akuhamishe bweni ili usikae na yule rafiki yako wa Mbozi aliyekuwa akiumwaumwa, kwa sababu nilidhani unapoteza muda wa kusoma kwa kumuuguza. Ulihamishwa, ukalia likizo nzima, na mimi nilikupa leso bila kusema kitu. Hukuwahi kujua ni nani aliyefanya hivyo. Ni mimi. Kumuuguza mtu lilikuwa jambo lako, tena jema, nami nikaingia kati. Nisamehe, mama. Ukitaka kukasirika kasirika, una haki hiyo, na usiharakishe kuimaliza hasira yako kwa ajili yangu.

Nimesikia pikipiki kwa mbali, nikadhani ni ninyi, lakini imepita. Basi nimalizie.

Utakosea, Tabitha. Mimi sikuzaa mtu asiyekosea. Utaandika kitu, kitafanya kazi mbele yako, kisha kitamuumiza mtu ambaye hujawahi kumwona, mahali usipopajua. Kosa hilo linarekebishika; utakaa, utasoma mistari yako, utaiona. Lakini kuna ile dakika ya kwanza, watu wamesimama wanakutazama, na wewe tayari unajua. Dakika hiyo ilinipita mimi, na sijaipata tena.

Siku yako ikifika, usinipigie mimi kwanza. Mpigie uliyemkosea. Mtajie jina lako na ulichokifanya, kabla hajasikia kwa mwingine na kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako. Ukimaliza, hata kama amekukatia simu, hata kama umefukuzwa, nipigie. Sitakuuliza ulifikaje hapo. Nitakaa kwenye simu na wewe mpaka salio liishe, halafu nitanunua vocha nikupigie mimi.

Mama yako anayekupenda,
na aliyeiandika barua hii bila kufuta kitu.